Mtu wa Dirishani: Jinsi ya Kumtumia Afisa Mdogo wa Ubalozi Ukiwa Ughaibuni

Likitokea la kutokea ughaibuni, jina la kwanza kutajwa nyumbani ni la balozi. Ndugu wanaulizana balozi yuko wapi, balozi kasema nini, nani ana namba ya balozi. Anayeipata humpigia saa sita usiku, na isipopokelewa lawama zinaanza. Mara nyingi mnakuwa mmemwendea mtu asiyeshika faili lenu. Balozi anamwakilisha mkuu wa nchi mbele ya serikali ya pale, na siku yake huliwa na vikao vya biashara, ugeni wa mawaziri na mikataba. Atakayehangaika na pasipoti iliyopotea, kaka aliye mahabusu, au maiti ya shangazi iliyokaa mochwari ya Riyadh wiki ya tatu, ni mtu wa dirishani.

Nani huyo? Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli, uliotiwa saini 24 Aprili 1963 na kuanza kutumika 1967, unawapanga wakuu wa ofisi hizi katika madaraja manne: konseli mkuu, konseli, makamu konseli na wakala wa konseli. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ukiingia katika balozi zetu nyingi utakuta afisa mmoja wa Mambo ya Nje aliyepewa dawati la konseli juu ya kazi nyingine alizo nazo, mwambata wa uhamiaji wa mambo ya pasipoti na viza, na karani mmoja au wawili walioajiriwa palepale. Katika miji mingine iliyo mbali na ubalozi wenyewe huwekwa ubalozi mdogo. Tanzania inazo ofisi za namna hiyo Dubai, Jeddah, Mombasa, Lubumbashi na Guangzhou, kule wanakopita wafanyabiashara, mahujaji na madereva wa malori.

Huyo karani wa palepale msimdharau. Maofisa wanaotumwa kutoka nyumbani hukaa kituoni miaka michache kisha wanahamishwa. Karani yupo, ameona mabalozi wakija na kuondoka. Anajua mkuu wa mochwari ya hospitali ipi anafunga daftari mapema, na ofisi ipi ya uhamiaji ukifika baada ya adhuhuri umeipoteza siku. Anajua Kiarabu cha polisi, ambacho si kile cha madrasa. Ukiambiwa "zungumza na fulani", ukamkuta fulani ni Msudani au Mmisri, usinune ukadhani umedharauliwa. Pengine umepelekwa kwa mtu atakayelimaliza jambo lako kwa simu moja.

Kabla ya kudai msaada, elewa mikono ya afisa huyu inafika wapi. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Vienna inaorodhesha kazi zake: kulinda maslahi ya raia wa nchi yake, kutoa pasipoti na hati za kusafiria, kuthibitisha nyaraka na kusajili vizazi na vifo pale sheria ya mwenyeji inaporuhusu, kufuatilia mirathi, kuwaangalia watoto wasio na mlezi, na kusaidia meli, ndege na mabaharia. Hilo la mabaharia ni salio la asili ya kazi yenyewe. Richard Waters wa Salem, Massachusetts, konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, alifika Unguja 1837 kwa ajili ya wafanyabiashara na mabaharia wa kwao waliokuwa wakifuata pembe na sandarusi, na yeye mwenyewe alikuwa akichuuza humohumo. Leo sheria haimpi konseli wa kazi nafasi hiyo ya kuchanganya ofisi na duka lake.

Kuna na makatazo. Ibara ya 55 inamzuia kuingilia mambo ya ndani ya nchi aliyomo. Hawezi kubisha hodi kwa mwajiri na kumtoa mtu ndani kwa nguvu. Hawezi kumwamuru polisi, kumkemea hakimu, wala kusimama mahakamani kama wakili wako. Hakupewa fungu la kukulipia deni, hoteli au faini, hata kama roho inamuuma. Alicho nacho ni barua, simu na muhuri. Ubalozi huandika barua rasmi kwa wizara ya mambo ya nje ya pale. Wizara hupeleka kwa polisi, kwa wizara ya kazi au kwa magereza. Majibu hurudi kwa njia ileile. Ndiyo maana unaambiwa "tumeandika, tunasubiri", ukadhani unapigwa danadana. Wakati mwingine ni danadana kweli, na nitalisema hilo. Lakini mara nyingi barua ipo mezani kwa mtu ambaye afisa wetu hana namna ya kumharakisha, isipokuwa kwa ile simu, na kwa yule karani.

Ikiwa nguvu yake ni barua, basi kazi yako ni kumpa cha kuandika. Hapa ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Ujumbe unaorushwa mitandaoni huwa wa namna hii: "Jamani dada yetu yuko Uarabuni anateswa, tusaidieni, sambazeni mpaka iwafikie wahusika." Mhusika akiusoma hana pa kuanzia. Saudia pekee ina watu zaidi ya milioni thelathini, na dada zetu waliomo humo wenye jina la Amina au Mwanaisha hawahesabiki. Linganisha na huu (ikama ni kibali cha ukaazi, kafili ni mwajiri anayekudhamini, maktab ni ofisi ya uwakala ya kule):

"Mimi ni kaka wa (majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti). Namba ya pasipoti ni hii, namba ya ikama ni hii. Yuko mji wa Buraydah, mtaa huu, nyumbani kwa (jina la kafili), simu yake hii. Aliletwa na wakala fulani wa Dar es Salaam, na maktab iliyompokea kule inaitwa hivi. Mara ya mwisho tuliongea Jumapili tarehe 9, saa tatu usiku. Alisema hajalipwa tangu Ramadhani na mchana hunyang'anywa simu. Hajapigwa. Anataka kurudi nyumbani. Nimeambatanisha pasipoti, mkataba na picha ya mlango wa nyumba aliyoituma mwenyewe."

Huu afisa anaweza kuugeuza barua kabla ya chai ya saa nne. Tazama na lile neno "hajapigwa". Familia hudhani wakiongeza chumvi watasikilizwa haraka. Polisi wa kule wakienda nyumbani humo wakakuta hakuna jeraha, faili linafungwa, na siku atakapopigwa kweli hataaminiwa. Andika lililopo. Mshahara usiolipwa ni kosa linalojitosheleza. Halihitaji kupambwa na damu.

Mambo yote hayo ya kwenye ujumbe yanakusanywa kabla ya safari, siku ambayo kila mtu bado anacheka na kupiga picha uwanja wa ndege. Nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba zibaki kwa mtu mmoja nyumbani, mwenye utulivu, si yule anayepaza sauti kuliko wote. Jina la wakala na namba ya leseni yake: muulizie kwenye ofisi ya ajira ya serikali, TaESA kwa Tanzania, NEA kwa Kenya, na asiyejulikana huko usimpe hata nauli ya daladala. Ukishafika, tuma namba ya ikama mara itakapotoka, pamoja na jina la kafili kama lilivyoandikwa, hata kwa herufi za Kiarabu, kwa picha tu. Namba moja ya simu ya nyumbani ihifadhi kichwani. Simu hunyang'anywa, na mtu aliyezoea kubonyeza jina "Mama" hugundua mahabusu kwamba namba ya mama yake haijui.

Halafu jiandikishe ubalozini. Watu hukwepa hili kwa kuogopa kwamba serikali inawafuatilia, au kwa kuwa viza yao ina kasoro. Vita vilipozuka Khartoum 15 Aprili 2023, Watanzania wapatao mia mbili, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa barabara hadi Ethiopia na huko wakachukuliwa kwa ndege kurudi nyumbani. Kazi ya namna hiyo huanza na orodha. Afisa anayepanga mabasi hana muda wa kumtafuta ambaye hakuwahi kusema yupo.

Ujue pia ofisi yako ni ipi, maana huenda haiko katika nchi unayoishi. Mtanzania wa Oslo, Helsinki au Copenhagen ofisi yake ni Stockholm. Katika miji mingine utakuta konseli wa heshima: mara nyingi ni mfanyabiashara au mwanasheria, raia wa nchi ileile, hana mshahara wa serikali yetu, bendera imo ukumbini kwake karibu na makabati ya kazi zake. Wapo wanaojitolea hasa, na wapo waliotafuta bango la gari. Kwa kawaida hatoi pasipoti, lakini anaijua nchi yake na anaweza kukupatia wakili au mkalimani siku hiyohiyo. Muulize mapema ana mamlaka ya nini, usisubiri siku ya balaa.

Na saa zao zijue. Riyadh na Muscat mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Emirati walihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022. Kwa hiyo barua inayohitaji saini ya Dodoma au Nairobi na muhuri wa Riyadh ina siku nne tu kwa wiki ambazo ofisi zote mbili ziko wazi, Jumatatu hadi Alhamisi. Ukituma jambo Alhamisi jioni, usihesabu siku tatu zinazofuata kama uzembe.

Nije kwa kadama, mfanyakazi wa ndani, maana ndiye anayejaza viti vya sebule za balozi zetu za Ghuba. Kosa la kawaida ni kutoroka kwanza, kisha kuutafuta ubalozi. Mtu akiondoka kwa kafili bila taarifa, kafili anaweza kumripoti, na mbele ya jina lake kwenye kompyuta likaandikwa lile ambalo dada wote wa Saudia wanalijua: hurubu, mtoro. Kuanzia hapo ikama imekufa. Hawezi kuajiriwa kihalali, na hata akipata tiketi hawezi tu kwenda uwanja wa ndege akapanda. Mlango uliobaki ni tarhil, kituo cha kuwarudisha watu makwao, alama za vidole na hesabu ya faini.

Ukiwa hatarini, yaani kipigo, udhalilishaji, kunyimwa chakula, toka, nenda kituo cha polisi au ubalozini, mengine yatajulikana mbele. Uhai hauna mjadala. Lakini kama tatizo ni mshahara, mkataba kugeuzwa au kazi ya nyumba mbili badala ya moja, anza kwa kulalamika ukiwa bado kazini. Mjulishe afisa konseli, mjulishe wakala aliyekupeleka, maana maktab iliyokupokea ina wajibu na inafahamiana na kafili. Afisa mzoefu huanza na hiyo maktab. Anajua kwamba kafili ametoa pesa nyingi kukuleta, na kinachomuuma ni hizo pesa. Wakikubaliana jinsi ya kumfidia au kukuhamisha, unatoka na ikama hai na viza ya kutokea. Mazungumzo hayo hayapendezi. Yanafanana na kuuziana mtu, na mfumo wa kafala wenyewe ndio ulioyafanya hivyo. Hata hivyo ndiyo yanayowarudisha wengi nyumbani kwa wiki chache badala ya miezi.

Ubalozi ukiwa na nyumba ya hifadhi utapewa nafasi, na utaikuta imejaa. Usitarajie uhuru wa kutoka. Huko nje huna karatasi, na ukikamatwa afisa anaanza upya. Kama umejifungulia huko, sema mara moja, usifiche mtoto. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hawezi kupewa hati ya kusafiria, na pasipo cheti cha ndoa hospitali za Ghuba zina masharti yao. Afisa anaweza kuomba kipimo cha vinasaba na kibali kutoka nyumbani, jambo la muda mrefu. Kila mwezi unaomficha mtoto unaongezwa kwenye huo muda.

Kuhusu video: naelewa kwa nini dada hujirekodi akilia jikoni kwa watu. Zimewahi kuamsha waliolala. Ila nchi za Ghuba zina sheria kali za kupiga picha ndani ya faragha za watu na za kuchafua majina mitandaoni, na kafili anayejulikana sura huweza kufungua kesi wakati dada bado yumo mikononi mwake. Video itume kwa afisa na kwa yule ndugu mtulivu. Akishatoka salama, mtajua wenyewe la kufanya nayo.

Sasa kukamatwa. Ibara ya 36 ya mkataba ule ule inasema mamlaka zikimshika mgeni zimweleze bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, na akitaka, ziujulishe. Saudia, Oman, Emirati, Marekani na Uingereza zote zimeukubali mkataba huu. Lakini soma vizuri: akitaka. Kwa kawaida usipoomba, polisi hana haja ya kupiga simu. Ndugu wawili wa Kijerumani, Karl na Walter LaGrand, walikamatwa Arizona mwaka 1982 na kuhukumiwa kifo bila mtu kuwaeleza haki hiyo. Mwaka 1999 Karl aliuawa kwa sindano ya sumu na Walter kwa gesi. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua kwamba Marekani ilivunja wajibu wake, na kwamba haki hiyo ni ya mtuhumiwa mwenyewe, si ya serikali yake peke yake. Uamuzi uliwafikia wakiwa makaburini.

Kwa hiyo sema, na urudie kusema, kwamba unataka ubalozi wako ujulishwe. Kwa Kiarabu neno la ubalozi ni sifara. Hata hilo moja pamoja na jina la nchi yako linatosha kueleweka. Usitie saini maandishi usiyoyasoma. Afisa akija, mpe yale ambayo ni yeye tu anayeweza kuyafanyia kazi: jina la anayekuhoji, kama kulikuwa na mkalimani, kama umeumizwa, kama unapata dawa zako, nani ajulishwe nyumbani na nani asijulishwe. Hilo la mwisho ni haki yako pia. Afisa mwadilifu hapaswi kumpigia mke wako kueleza umekamatiwa wapi na ulikuwa na nani kama umemkataza. Usimsimulie kesi nzima akishindana na saa ya wageni. Hiyo ni ya wakili. Atakupa orodha ya mawakili, na malipo yao ni juu yenu.

Mwenye uraia wa nchi mbili asikilize. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Ukikamatwa Marekani ukiwa na pasipoti ya Marekani, wao wanakuona raia wao, na afisa wa Kenya anaweza kukataliwa hata kukutembelea. Mtanzania aliyechukua uraia wa Kanada kisha akaendelea kuitumia pasipoti yake ya zamani kimyakimya ana mashaka mawili, la kesi na la dirishani.

Pasipoti iliyopotea ni jambo dogo linalokuzwa na haraka. Taarifa ya polisi kwanza. Kisha picha, nakala ya pasipoti au cheti cha kuzaliwa, na kwa Watanzania namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Hapo ndipo mwambata atakapoweza kuwauliza Uhamiaji nyumbani kama wewe ndiwe. Hati ya dharura ya kusafiria ni ya safari ya kurudi tu. Msichanganye hati hiyo na ruhusa ya kutoka: inakuingiza Dar es Salaam au Nairobi, lakini haifuti faini ya kuzidisha siku wala hurubu. Nimesikia watu wakimtukana mwambata kwa "hati feki" baada ya kuzuiwa uwanja wa ndege, ilhali aliyewazuia ni uhamiaji wa pale na deni lao la pale.

Mambo ya muhuri sitayachambua sana. Hati ya uwakilishi ya kumpa ndugu mamlaka ya kuuza kiwanja, cheti cha kwamba huna ndoa nyingine, kuthibitisha vyeti vya shule, kumsajili mtoto aliyezaliwa ugenini: vyote vina fomu na ada, na fomu ziko tovutini. Neno moja tu kuhusu hati ya kiwanja. Iandike kwa kitu kimoja, kiwanja namba fulani, kazi fulani, na ukomo wa tarehe. Afisa anathibitisha kuwa saini ni yako. Haulizi kama kaka yako anaaminika.

Kuhusu pesa na uzembe, sasa. Malipo yote ya ofisi yana risiti. Tanzania hutumia namba ya malipo ya serikali, Kenya hupitia eCitizen. Anayekuomba "ya kusukuma faili" kwenye simu yake binafsi unamjibu kwa maandishi kwamba unasubiri namba ya malipo. Maandishi yana namna ya kuwakumbusha watu kazi. Kila ukienda ondoka na jina la uliyezungumza naye na tarehe, na namba ya faili kama ipo. Baada ya wiki mbili za kimya, andika barua pepe fupi yenye tarehe hizo kwa ubalozi na nakala wizarani. Kenya tangu 2022 ina Idara ya Masuala ya Diaspora, Tanzania Wizara ya Mambo ya Nje ina kitengo cha Diaspora. Usianze na matusi wala na cheo cha mjomba wako. Barua yenye tarehe tano za kuahidiwa bila kutimiziwa inamtisha bosi wa afisa kuliko kurasa tatu za hasira.

Na huko dirishani, salimia. Si kwa kujipendekeza. Mtu yule asubuhi hiyo amesema na magereza, amepokea simu ya mama anayelia kutoka Tanga au Kilifi, na mbele yako wamesimama watu wengine ishirini. Ukimpa karatasi zilizopangwa, za wewe na si za jirani yako, atakuhudumia kwanza bila hata kujua kwa nini.

Kifo ndicho kinachochukua muda mrefu kuliko yote, na familia ndiyo inayofanya kazi kubwa, si afisa. Jambo la kwanza ni kujua nani anazungumza kwa niaba ya ukoo. Ubalozi ukipokea simu kutoka kwa mume, kaka na mama mkwe, kila mmoja na lake, unasimama. Kaeni usiku huohuo, chagueni mmoja, mwandikieni barua iliyopitia serikali ya mtaa au kwa chifu, ikataje mnataka nini: azikwe hukohuko au aletwe. Kwa Waislamu wengi kuzikwa huko si aibu wala si kumtupa, na waliofia Hija huzikwa Makka au Madina. Kwa wengine mwili lazima urudi kijijini. Afisa hawezi kuwaamulia, na hospitali haitautoa mwili mpaka karatasi hiyo ifike.

Baada ya hapo afisa anafuata mnyororo wake: taarifa ya hospitali, taarifa ya polisi kama kifo ni cha ghafla, cheti cha kifo cha pale, barua ya ubalozi ya kutokuwa na pingamizi, kufutwa kwa pasipoti, cheti cha kuhifadhi mwili, ndege. Kifo chenye utata kinaweza kusubiri uchunguzi, na hapo hakuna muhuri unaoharakisha. Nani analipa? Sheria ya kazi ya Saudia inamtaka mwajiri agharamie kuandaa na kusafirisha mwili wa mfanyakazi, isipokuwa akizikwa huko kwa ridhaa ya familia. Sheria hiyo haiwahusu wafanyakazi wa ndani, wenye kanuni zao, kwa hiyo usomeni ule mkataba mliouhifadhi, na bima kama ilikatwa. Kabla ya kuanza kuchangisha, muulizeni afisa kwa maandishi: mwajiri amekubali nini, na bado kiasi gani. Michango ya vikundi vya simu ina huruma nyingi na mahesabu machache.

Wakati matanga yanaendelea, haki za marehemu zinabaki huko: mishahara iliyokatwa, malipo ya mwisho wa kazi kama anayastahili, na diya, yaani fidia ya uhai, ikiwa aligongwa na gari. Hizi familia nyingi huzisahau, na afisa hawezi kuzipokea kwa jina la marehemu. Nendeni mahakamani, Mahakama ya Mwanzo kwa walio Tanzania Bara, au kwa Kadhi kwa Waislamu wa Zanzibar na wa Kenya, mteue msimamizi wa mirathi. Waraka huo utafsiriwe kwa Kiarabu na mtafsiri anayekubalika, uthibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi ile hapa nyumbani, kisha utumwe kwa afisa pamoja na hati ya kumpa ubalozi mamlaka ya kufuatilia. Watajeni warithi wote, watoto kwa majina na umri, maana hakimu wa kule atauliza. Malipo yakitoka, yaombwe yaingie akaunti ya msimamizi na nakala ya hundi ije kwenu. Na msisubiri arobaini ipite ndipo mwanze. Baadhi ya madai yana ukomo, na afisa mliyezoeana naye huenda akawa ameshahamishiwa kituo kingine.